Kwa Wale Wasemao: Tia Matone, Yatakwisha

Iko kauli moja ambayo imekwisha kuwa kama sharia isiyoandikwa katika kaunti za Migori na Homa Bay, toka Muhuru Bay mpaka Kendu Bay, na toka mashamba ya tumbaku ya Kuria mpaka visiwa vya Rusinga na Mfangano. Nayo ni kwamba macho ya mtoto yakiwa mekundu, yakimwasha, au akiamka nayo yamegandamana kwa tongo, dawa yake ni kutiwa matone, na yatakwisha. Kauli hii husemwa na bibi kwa mkaza mwanawe, husemwa na mwuza dawa kwa mnunuzi, husemwa na mwalimu amrudishaye mwanafunzi nyumbani, na wakati mwingine, nalisema hili kwa masikitiko, husemwa na watu waliosomea utabibu ambao ingaliwapasa kuuliza zaidi. Ni kauli fupi, ina sura ya huruma, na kila mtu aweza kumtaja mtoto aliyetiwa matone akapona, kwa hiyo ni taabu kuipinga. Walakin nakusudia kuipinga hapa, kwa kuwa nina yakini kwamba inawadhuru watoto ambao maradhi yao ya asili yasingaliwadhuru, na kwamba inawachelewesha wengine ambao kwao siku mbili tatu zatosha kuwapoteza basari.

Kosa la asili la kauli hiyo ni kuudhania wekundu kuwa ndio ugonjwa. Weupe wa jicho umefunikwa na utando mwembamba ung'aao, wenye mishipa ya damu myembamba mno hata haionekani jicho likiwa katika siha yake. Na mishipa hiyo, ikichokozwa na kitu chochote, huvimba na kujaa damu. Moshi huichokoza, na vumbi, na kirusi, na bakteria, na gamba la omena lililonasa chini ya kope, na utomvu wa mnyaa, ule mti wa ua ambao Wajaluo huuita ojuok na ambao umezunguka maboma mengi ya nchi ile. Surua huichokoza, na mzio, na kidonda cha kioo cha jicho, yaani sehemu angavu iliyo mbele ya mboni, na hata saratani iliyojificha nyuma ya mboni. Mambo hayo hayana undugu, wala hayana mwisho mmoja: la kwanza huondoka mtoto akitolewa jikoni, na la mwisho huua. Mtu akiniambia kwamba yote yanatibiwa na chupa moja kwa sababu yote huleta rangi moja, nitamkumbusha kwamba watu wa ziwani waliambiwa miaka mingi kwamba kila homa ni malaria, wakameza dawa za malaria kwa homa zisizokuwa malaria, na watoto wengine wakafa kwa nimonia huku wakitibiwa mbu. Hata kilipokuja kipimo cha tone la damu ndipo zahanati zikaanza kuuliza kwanza na kutibu baadaye. Jicho nalo lina haki ya kuulizwa.

Wapinzani wangu watajibu kwa hoja yao iliyo kubwa kuliko zote: mbona wengi hupona? Ni kweli, wengi hupona, na insafu yataka nikiri. Lakini tuulize ni nini kilichowaponya. Maradhi ya macho yaletwayo na virusi, ambayo ndiyo huenea kwa kasi madarasani na majumbani, hukoma yenyewe kwa juma moja au mawili, mgonjwa akitiwa dawa au asitiwe, maana hakuna antibiotiki iuayo kirusi. Mwaka 1969 maradhi ya namna hiyo yalizuka nchini Ghana, yakajaza damu macho ya watu wengi, na kwa kuwa ulikuwa ndio wakati binadamu aliposafiri kwenda mwezini, watu wakayaita Apollo 11. Yakaenea katika nchi nyingine za Afrika na Asia, kisha yakatulia. Mwanzoni mwa mwaka 2024 macho mekundu yaliwashika watu wa Mombasa na wa Dar es Salaam, wengi wakakimbilia maduka ya dawa, na wakuu wa afya wakalazimika kuwaonya wasijitie kila wakipatacho; nayo yakapita. Katika kila mlipuko wa namna hiyo matone hupewa sifa ya kazi iliyofanywa na mwili wenyewe, kama mtu aliyesimama ufuoni akaamuru maji yapwe, ilhali saa ya kupwa ilikuwa imekwisha kuwadia.

"Basi," watasema, "ikiwa matone hayamfai, walau hayamdhuru, mwacheni mama atulize moyo wake." Lau kila chupa ingalikuwa na maji ya chumvi matupu, ningalinyamaza na kuiweka kalamu chini. Lakini chupa nyingi ziuzwazo kwa jicho jekundu zina mchanganyiko wa antibiotiki na steroidi, na steroidi ndiyo iwapayo sifa. Kwa tabibu aliyelipima jicho, dawa hii ni neema. Huzima mwasho kwa siku moja au mbili, jicho likawa jeupe, mtoto akafungua macho na kucheza. Na uzuri huo wa haraka ndio hatari yake, maana humfanya mama airudie pasipo kumwuliza mtu. Ikitumika majuma mengi huweza kuupandisha mkandamizo wa maji yaliyomo jichoni, ambao watu huuita presha ya jicho, na presha hiyo huula mshipa wa kuonea bila maumivu, toka pembezoni kuja katikati, mpaka mtoto aanze kujikwaa kwenye vitu alivyokuwa akivipita. Huweza pia kuleta mtoto wa jicho kwa mtu ambaye hajafika hata umri wa kubaleghe. Na ikiwa wekundu ulitokana na kirusi cha hepesi, steroidi hukifungulia njia kikachimba kioo cha jicho. Uoni ulioliwa na presha ya jicho haurudi kwa dawa wala kwa upasuaji.

Na waangukao mtegoni humo aghalabu ni watoto wenye mzio wa macho. Maradhi haya ni ya kawaida katika Afrika Mashariki, huwashika wavulana zaidi kuliko wasichana, huanza kabla ya miaka 10, na wengi huwaacha wanapobaleghe. Mtoto huwashwa macho yote mawili, hulikimbia jua, weupe wa jicho hugeuka kahawia, na tongo lake huvutika kama uzi. Hayaambukizi, kwa hiyo mwalimu anayemfukuza darasani anamwadhibu bure. Nalimtazama mmoja, mvulana wa miaka tisa hivi, aliyeletwa na mamaye katika duka la dawa la mji mmoja wa ziwani: alisimama amegeuzia mlango mgongo ili asiuone mwanga, akiyasugua macho kwa kifundo cha mkono, kwa mzunguko wa polepole, kama afanyaye jambo alilolizoea, na ngozi chini ya macho yake ilikuwa imefanya weusi na mikunjo isiyo ya umri wake. Mwuzaji hakutoka nyuma ya meza. "Mama, ni ile ya siku zote?" aliuliza, na mama akatoa chupa tupu mkobani, akaiweka mezani, akapewa nyingine. Ilikuwa ya deksamethasoni. Hapakuwa na mtu mwenye nia mbaya pale. Mama alikuwa amelipa kwa fedha ya samaki wake, na mwuzaji alisema naye kwa adabu. Lakini mtoto yule alikuwa akitiwa, chupa baada ya chupa, dawa ambayo hakuna aliyempima ili kujua inamfanya nini.

Mtoto wa namna ile huhitaji vitu vingine. Kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya baridi, kiwekwe juu ya kope zilizofumbwa, humtuliza mwasho kuliko vidole vyake, ambavyo vikisugua miaka mingi huweza hata kukipinda kioo cha jicho kikawa kama pia. Kofia yenye ukingo humkinga na jua na vumbi. Yako matone ya mzio yasiyo steroidi, kama sodiamu kromoglikati, ambayo hufanya kazi polepole na hutakiwa kutiwa kila siku hata macho yakiwa yametulia, na kwa sababu hayana haraka hayapendwi na wanunuzi. Daktari akiona kwamba steroidi ni lazima, huitoa kwa siku zenye mwisho, na humtaka mtoto arudi kupimwa. Mzazi asiyeweza kumfikia daktari leo anaweza walau kusoma kibandiko: jina la dawa likiishia kwa herufi s-o-n-e, kama deksamethasoni na betamethasoni yaandikwavyo kwa Kizungu, au kwa s-o-l-o-n-e, kama prednisoloni, asiitie machoni mwa mwanawe ila kwa amri ya aliyempima.

Kisha yako macho mekundu ambayo hayatibiwi na chupa yoyote, kwa kuwa kinachoyachokoza hakimo jichoni. Fika jioni katika fuo za kushushia samaki, mahali wanawake wanapokaanga mgongo wazi, yaani yale mabaki ya mbuta yaliyotolewa minofu viwandani, na utazame moshi unavyokwenda. Karai kubwa limewekwa juu ya kuni zisizokauka vyema, mafuta yanachemka, mama ameinama na mtoto mgongoni, na uso wa mtoto uko sawa na bega la mamaye. Upepo wa ziwani ukigeuka, mama hugeuza uso, lakini mtoto aliyefungwa kanga hawezi kugeuza. Hukaa hivyo mpaka usiku. Nyumbani anakuta mafiga matatu ndani ya chumba kisicho na tundu la moshi, na koroboi mezani. Kule Nyatike, pande za Macalder, mawe ya dhahabu yanasagwa na vumbi lake linawaangukia watoto waliokaa karibu na mama zao wanaoyaponda, na kipande cha jiwe kikiruka hakichagui mkubwa na mdogo. Kule Kuria tumbaku inakaushwa kwa moto wa kuni. Mtoto huyo akitiwa antibiotiki asubuhi na kurudishwa moshini jioni, ametibiwa nini? Kumweka upande utokako upepo, kukausha kuni kabla ya kuziwasha, kutoboa ukuta juu ya mafiga, au kumwachia nyanya yake saa za kukaanga, ni matibabu ya kweli, ijapokuwa hayauzwi dukani na kwa hiyo hayana mtu wa kuyasifu.

Hapa nataka kuwajibu pia wale wasemao kwamba macho mekundu ya watoto wa ziwani ni uchafu wa mama zao. Maneno hayo hayana ilimu wala huruma. Mama yule yuko moshini kwa sababu ada ya shule iko ndani ya karai lile, na mtu asiyempa jiko lenye bomba la moshi hana haki ya kumpa aibu.

Wako wengine wanaoyakataa matone ya duka lakini kwa kuyarudia ya kale: maziwa ya mama, maji ya chai, utomvu wa majani, hata mkojo. Husema kwamba babu zetu walitumia hayo wakaona. Walioona ndio waliobaki kusimulia, waliopofuka hatuwaulizi. Madaktari wa macho Allen Foster na Alfred Sommer walichapisha mwaka 1987 uchunguzi wa watoto 130 wa Tanzania waliokuwa na vidonda katika kioo cha jicho, wakakuta kwamba 37 katika kila mia walikuwa wametoka kuugua surua, kwamba upungufu wa vitamini A ndio uliokuwa sababu kubwa kuliko zote, na kwamba dawa za kienyeji zilizotiwa machoni zilikuwa miongoni mwa sababu nyingine zilizo kubwa. Utomvu huunguza, maziwa hulisha vijidudu, na mkojo wa mtu mwenye kisonono hupeleka kisonono jichoni, nacho huweza kukitoboa kioo cha jicho kwa siku chache. Siwadharau wazee wetu, ambao walitumia walichokuwa nacho. Nawadharau wale wenye maji safi mtungini wanaoyaacha na kuchuma majani.

Lakini utafiti ule una neno kubwa zaidi kwa mjadala huu, maana unaonyesha kwamba dawa ya macho mengi haipitii machoni hata kidogo. Chanjo ya surua, ambayo mtoto wa Kenya hupewa akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, ni dawa ya macho. Kidonge cha vitamini A, kinachotolewa toka miezi 6 na kurudiwa kila miezi 6 mpaka mtoto afikie miaka 5, ni dawa ya macho. Kadhalika viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, na udongo wa Kabondo wavizaa viazi vitamu kwa wingi. Kadhalika maini, maembe, na omena aliwaye mzima. Mtoto asiyeona vyema giza linapoingia, au ambaye weupe wa jicho lake umekauka na kufanya kama povu, anaomba chakula na kidonge, na matone humpotezea wakati.

Na mtoto mchanga? Hapa kauli ninayoipinga hugeuka kuwa hatari ya wazi. Macho ya mtoto yakivimba na kutoa usaha katika siku zake 28 za kwanza, asingojee hata kesho, kwa sababu huenda ameambukizwa kisonono au klamidia njiani alipokuwa akizaliwa, na hayo hutibiwa kwa dawa ya mwili mzima, kwa mtoto na wazazi wake wote wawili. Kinga yake twaijua, na sehemu ya elimu hiyo imetoka katika nchi hii hii: utafiti uliofanywa Nairobi na kuchapishwa mwaka 1988 uliilinganisha marhamu ya tetrasaiklini na matone ya zamani yenye madini ya fedha kwa watoto waliozaliwa hospitalini, na ule wa hospitali ya Kikuyu, uliochapishwa mwaka 1995 kutokana na watoto zaidi ya 3,000, ulionyesha kwamba matone ya iodini ya povidoni, yenye gharama ndogo, yanawakinga vyema. Mama azaliaye nyumbani Mfangano au Ntimaru anastahili kinga ile ile iliyopimwa juu ya watoto wa wananchi wenzake.

Imebaki hoja moja, na hii naiheshimu. Watu husema: hospitali iko mbali, nauli ni ghali, boti haingoji, na duka la dawa liko hapa, maskini hana la kuchagua. Najibu kwamba sehemu kubwa ya ninayoyadai haina nauli. Kuuliza ni bure: je, ni jicho moja au yote mawili, linawasha au linauma, tongo ni maji, uzi au usaha, kuna mwingine nyumbani mwenye hali hiyo, mtoto alikuwa akicheza na nini? Maji yaliyochemshwa yakapoa, na kipande cha kitambaa safi kwa kila jicho, vyatosha kwa macho mengi yaambukizayo, pamoja na kunawa mikono kwa sabuni na kila mtu kuwa na taulo yake. Utomvu wa mnyaa, saruji, dawa ya shambani au mate ya swila yakiingia jichoni, maji safi mengi yamiminwe papo hapo kwa muda wa nusu saa, kope zikiwa zimefunuliwa, kabla ya safari yoyote. Dakika zile za kwanza zina thamani kuliko yote yatakayofanywa baadaye.

Safari nayo iwekewe akiba kwa ajili ya wanaoihitaji. Mtoto mwenye maumivu makali, asiyeweza kufungua jicho, aliyechomwa na kijiti au jiwe, ambaye kioo cha jicho lake kimefanya doa jeupe, ambaye haoni kama alivyoona jana, au ambaye mboni yake hung'aa weupe kama jicho la paka anapomulikwa au kupigwa picha, huyo asafirishwe leo, kwa deni ikibidi, mpaka hospitali ya rufaa ya kaunti, iliyoko Homa Bay mjini au Migori mjini, na toka huko aandikiwe kwenda Kisumu au hospitali ya macho ya Sabatia huko Vihiga. Fedha iliyotumika kununua chupa nne zisizofaa ingaliweza kuwa nauli yake. Ndiyo maana sikubali kwamba matone ni dawa ya maskini, maana maskini ndiye anayeyalipia mara mbili.

Na kwa kuwa umbali ni wa kweli, nawadai wenye mamlaka mambo haya. Nyamrerwa, yule mhudumu wa afya ya jamii anayepita mlango kwa mlango na kuwajua watoto kwa majina, apewe tochi na afundishwe kufunua kope na kuitazama mboni, kazi isiyohitaji zaidi ya mafunzo ya siku chache. Steroidi za macho zisiuzwe pasipo cheti cha daktari, na wakaguzi wafike hata kwenye maduka ya fuoni, wala wasiishie barabara kuu. Kliniki ya macho ivuke kwenda visiwani kwa tarehe zilizotangazwa mapema sokoni na kanisani, na ikisema itafika siku fulani, ifike. Kwa maana mama aliyefunga biashara yake siku nzima akamleta mtoto gatini, asikute mtu, kesho yake atarudi dukani na chupa tupu mkononi.